Kadi za kulipia barabara na njia za mwendokasi, mwenye pikipiki anaingia vipi?

Kijana wa Bububu

Assalam alaykum wanajukwaa. Nnaomba msaada kwa wanaojua. Inshallah baada ya Idi nnapakia Boxer yangu 150 kwenye meli mpaka Dar, nilale siku mbili Kigamboni kwa ami yangu halafu nishike njia, Chalinze, Segera, Moshi, Namanga mpaka Nairobi, dada yangu kaolewa South C na kila siku ananipigia simu njoo njoo. Sasa mie toka nianze kuendesha barabara zangu ni za hapa Unguja tu, unatoka Bububu unakwenda Nungwi unarudi unakwenda Makunduchi hakuna mtu anakudai hata shilingi, ukisimamishwa ni trafiki anataka kuona leseni na bima bas. Juzi nikaona video ya ile barabara ya juu ya kulipia ya Nairobi (Expressway), gari inafika getini na geti linanyanyuka lenyewe, dereva hata kioo hashushi, kumbe kabandika kidude kinachosomwa na geti kwenye kioo cha mbele. Nikajiuliza mwenye pikipiki hicho kidude anakibandika wapi, kwenye helmeti? Nambieni nikate kadi gani na nikatie wapi. Na zile njia za mwendokasi za Dar, pikipiki unaruhusiwa kupita foleni ikizidi? Msinicheke.

Abuu Kibada

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Mie mtu wa Mkunazini ila nnaishi Kigamboni mwaka wa saba huu na daraja la Nyerere nnalipita kwa pikipiki karibu kila siku, kwa hiyo hapo nitakujibu kwa raha. Daraja limefunguliwa 2016 na pikipiki inalipa, mwanzo ilikuwa 600 halafu 2022 wakashusha ikawa 300. Usihangaike na kidude, wewe wa kupita mara mbili lipa pale dirishani. Ila pesa iweke tayari mapema, kwenye mfuko wa juu wa jaketi, sio kwenye suruali. Siku yangu ya mwanzo mvua inanyesha, glavu zimelowa hazitoki, nna noti ya elfu kumi iko ndani ya waleti na waleti iko mfuko wa nyuma nshaikalia, nyuma yangu daladala anapiga honi kama anakwenda kuzaa. Nikavua glavu kwa meno.

Jengine ambalo hakuna atakaekwambia: pale unaposimama kulipa, katikati ya njia, ndipo malori yote yanaposimama na kudondosha oili. Gari haijui, matairi yake yanapita pembeni. Wewe wa magurudumu mawili unapita palepale katikati, unafunga breki, unateremsha mguu, mguu unakwenda zake. Pita kwenye alama za matairi ya gari, kushoto au kulia, mguu uteremshe taratibu. Na usimkimbilie gari wa mbele ukidhani mtapita pamoja, akishalivuka geti yeye linashuka na linakushukia wewe kichwani.

Ukienda kwa kivuko badala ya daraja, pale Magogoni ndio utahitaji N-Card, ile unaitia pesa halafu unaigusisha getini.

Mwendokasi USITHUBUTU. Zile njia ni za mabasi peke yake. Utawaona bodaboda wanapita, utaona na bajaji, usiwafuate, lile basi refu kama meli na dereva wake hatarajii kukukuta mbele, na trafiki anapenda kusubiri pale mwisho ambapo huna pa kutokea kwa sababu pembeni kuna ukingo wa zege.

Bi Mdogo wa Nairobi

Kaka yangu, hapa nikukatie shauri mapema ili usipoteze pesa kununua kadi. Ile barabara ya juu, Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, ilipofunguliwa 2022 tangu siku ya mwanzo pikipiki hairuhusiwi, na bajaji (wenyewe huku wanaita tuktuk) hairuhusiwi. Sio suala la kulipa, hata ukija na pesa mkononi unarudishwa. Kile kidude ulichokiona ni cha magari, na kuna kadi ya kugusisha na kuna dirisha la pesa taslimu, vyote vya magari.

Wewe ukitoka Namanga utapita Kitengela, Athi River, halafu Mlolongo, na hapo ndipo pa kuwa macho kwa sababu njia zinagawanyika na ukiwa umefuata gari kama umefungwa kamba utajikuta unapanda juu. Kaa barabara ya chini, ile Mombasa Road yenyewe, na South C ipo hukohuko kandokando yake, kwa hiyo barabara ya juu wala hukuwa unaihitaji 😂 Malori ndio mengi, usipite kati yao.

Kadi utakayohitaji kweli ni ya njano, ile bima ya kuvukia mpaka. Ulizia kwa wakala wako wa bima kabla hujapanda meli, usingoje ufike Namanga.

Kijana wa Bububu

Subhanallah, kumbe nnatafuta kadi ya kupandia pahala ambapo sipandi. Ahsante sana dada. Lakini mbona hawaturuhusu, pikipiki nayo si chombo? Nchi zote ndio hivi?

Mtu wa East Ham

Hapana, huku London mambo ni kinyume kabisa. Ile tozo ya kuingia katikati ya mji imeanza 2003 na pikipiki tangu mwanzo hailipi. Daraja la Dartford, la kuvukia mto Thames, pia pikipiki bure, magari wanalipa kwa mtandao kwa sababu tangu 2014 mageti wameyang'oa, kamera inasoma namba tu, na aliesahau kulipa anaandikiwa barua. Mie nnapita pale na skuta yangu nikiwatazama wenye gari kwa huruma. Na njia za mabasi, zile barabara kubwa zinazosimamiwa na mji, nyingi wameturuhusu, walijaribu kwanza halafu 2012 wakaifanya ya kudumu. Lakini hapo pana mtego: mtaa unaofuata njia ya basi ni ya halmashauri nyengine na wao hawajakuruhusu, kwa hiyo kila kibao kitazame kama kina picha ya pikipiki. Mie nshalipa faini moja, sirudii.

Wasikudanganye lakini kuwa ni bure kila kitu, skuta kuukuu yenye moshi inalipa pauni 12 na nusu kwa siku, tozo ya hewa chafu.

Pweza Mkavu

Yakhe mie nlikuwa baharia. Kuhusu kidude kinabandikwa wapi, Singapore nimekiona kwa macho yangu, wale wameanza kulipisha barabara kwa kidude 1998 na pikipiki zilikuwa zinalipa, nusu ya gari. Enzi hizo kidude kilikuwa kinafungwa kwenye usukani, na ndani yake unachomeka kadi ya pesa, ukipita chini ya lile chuma lililokatisha juu ya barabara kinalia ti! Nikawa najiuliza kingekuwa Chake Chake kingekaa siku ngapi juu ya usukani kabla hakijapata mwenyewe mpya 🤣

Z-Boy Virginia

Mzee Pweza umenichekesha nipo kazini. Jamani huku Marekani kila jimbo na lake kwa hiyo nitasema ya kwangu. Hapa Virginia kwenye I-95, I-395 na I-495 kuna njia maalumu za kulipia ndani ya barabara kubwa, bei inapanda foleni ikizidi na inashuka foleni ikipungua, gari lazima iwe na kidude cha E-ZPass, lakini pikipiki inapita bure na hata kidude si lazima. California nako pikipiki bure kwenye njia nyingi za aina hiyo ila lazima uwe nacho, kule kinaitwa FasTrak, kina swichi ya 1, 2 na 3 ya kuonesha mna watu wangapi, na wa pikipiki anaweka 3 ijapokuwa yupo peke yake na kivuli chake. Ukipita bila kidude kamera inapiga picha ya namba halafu bili inakuja.

Ulichouliza kuhusu kuruhusiwa, huku zile njia zilizotengwa kwa gari zenye watu wengi sheria ya shirikisho inasema pikipiki iruhusiwe hata akiwa mtu mmoja. Maana pikipiki ikikaa kwenye foleni ya kusimama na kwenda, kusimama na kwenda, wa nyuma anaetazama simu anakugonga, na hizi injini za kupozwa kwa upepo zinachemka. Kwa hiyo wao wanaona usalama ni kumtoa kwenye foleni, hao wa Nairobi wanaona usalama ni kumzuia asipande. Hoja ileile moja!

Sasa kidude: barabara nyengine na madaraja mengine huku pikipiki inalipa, kwa hiyo nnacho. Mwaka wa mwanzo nilikitia kwenye lile sanduku la pembeni la alumini, nikapita wiki nzima nnajiona mjanja, kumbe mawimbi hayapiti kwenye chuma, hakikusomwa hata mara moja, bili zikaja nyumbani mke wangu akadhani nina safari za siri. Siku hizi kinakaa mfuko wa kifuani wa jaketi, na namba ya pikipiki nimeiandikisha kwenye akaunti ili kidude kisiposomwa kamera wajue ni mie. Namba yenyewe ipo nyuma tu, iwe safi, usiipindishe kama vijana wa Darajani.

Abuu Kibada

Hiyo ya chuma nimeipenda. Nna nyongeza: mageti ya kujifungua wenyewe, hata ya maegesho, mara nyingi yana waya umefukiwa chini ya lami unaohisi chuma. Pikipiki ndogo chuma chake kidogo, geti linakaa kimya mtu anabaki anapunga mkono. Tazama chini utaona mchirizi wa pembe nne uliokatwa kwenye lami, simamisha magurudumu juu ya mstari wenyewe, sio katikati.

Kijana wa Bububu

Wanajukwaa nimerudi salama alhamdulillahi. Daraja nimelipa 300, nlikuwa nimeshaishika mkononi tangu Kibada, imeloa jasho. Oili ipo kweli! Mlolongo nikashika chini kama dada alivyosema, ila nikasimama kidogo pembeni nikatazama magari yanavyopanda juu, geti linanyanyuka, linashuka, askari mmoja akanijia akaniuliza unataka nini nikamwambia natazama tu. Akaniuliza hiyo Z kwenye namba ndio nchi gani. Kadi ya njano nayo, pale Namanga nimeona watu wanarudishwa kwa kuikosa, mwenye maswali nayo anitumie ujumbe.