Rosa Mistika: binti wa kidato cha tatu apewe asome, au tuendelee kuficha?

Ndugu zangu, wiki iliyopita binti yangu, yuko kidato cha tatu, kaniomba nimtafutie Rosa Mistika. Mwalimu wao wa Kiswahili aliitaja darasani kwa kupita tu, basi yeye na wenzake wakashikwa na hamu. Nakala ninayo. Iko kabatini chini ya vitabu vya hesabu, nilikoiweka kwa mkono wangu, na hapo ndipo nilipojishtukia: kumbe nilikuwa nimeificha.

Kwa ambao hawajaisoma, ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka 1971. Rosa ni binti wa Namagondo, Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Mama yake, Regina, ndiye anayeibeba nyumba. Zakaria anainasa barua ya kijana aitwaye Charles na Rosa anapigwa kipigo cha kukumbuka. Tangu hapo anakua akiwaogopa wanaume kama ukoma. Anapofika mbali na nyumbani, shule ya bweni na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, ambako fimbo ya baba haifiki, anageuka: mwanaume huyu na yule, mkuu wa chuo akiwemo, mimba, kutoa mimba. Mwishoni Charles yuleyule anataka kumuoa, anagundua si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye kikaruhusiwa, na wengi wetu tumekifanyia mtihani.

Mimi nilikisoma bweni la wasichana. Nakala zilikuwa tatu kwa mkondo mzima, moja haina jalada. Hiyo isiyo na jalada ukiisimamisha mezani kwa mgongo wake ukaiachia, ilijifungua yenyewe, kila mara palepale, kwa Rosa na mwanaume wake wa kwanza. Karatasi ya pale ilishakuwa ya kijivu kwa vidole. Hakuna mwalimu aliyezifundisha kurasa zile. Tulifundishwa "athari za ulevi" na "malezi mabovu", hoja tano, mifano miwili miwili, tukafaulu. Na mwezi wa Rozari kila jioni tulisali litania, "Waridi lenye fumbo, utuombee," bila mtu kutuambia kwamba hilo ndilo jina la kitabu tulichokuwa tunakilalia chini ya godoro.

Sasa hoja yangu. Nimekisoma upya juzi. Nikiwa na miaka 17 nilimlilia Rosa, nikamchukia Zakaria, yakaisha. Safari hii nimemkasirikia mwandishi. Mwanzo wa kitabu unasema kosa ni la baba. Mwisho wake unamtoza binti. Kinamhurumia sana Rosa, ila hakimpi hata kijia kimoja cha kubaki hai. Kwa hiyo wasiwasi wangu hauko kwenye zile kurasa za kijivu. Naogopa binti yangu atakifunga akiwa na somo lilelile tulilopewa na matroni: ukiteleza mara moja, umekwisha.

Nimpe? Karibuni, ila matusi acheni mlangoni.

Baba wa mabinti wawili, Mwanza:
Dada, kiache hukohuko chini ya hesabu. Sisemi kibaya. Nasema kina umri wake. Mimi nilikisoma na miaka 15 na sikuona malezi wala nini, niliona nilichokuwa nakitafuta. Tusijifanye watoto wetu ni wahakiki. Halafu Februari 2023 wizara ilipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwemo vya Diary of a Wimpy Kid, wazazi wengi tulipiga makofi. Leo kwa kuwa hiki ni cha kwetu na mwandishi alikuwa profesa, tufumbe macho? Kipimo kiwe kimoja.

Mwalimu wa fasihi, miaka 22 darasani:
Kaka, kipimo kimoja nakubali, ila kipime kwanza. Kitabu kinachomwonyesha binti akibembelezwa na watu wazima wenye vyeo si sawa na kitabu kinachomwalika abembelezwe. Kurasa zile hazina raha ndani yake, zisome upya ukiwa mtu mzima.

Dada mwenye mada, hapo kwa mwandishi tutagombana kidogo. Angalia mwaka. 1971 ndiyo ile Sheria yetu ya Ndoa, iliyosema binti wa miaka 15 anaweza kuolewa kwa idhini ya baba, kijana asubiri 18. Mahakama Kuu ilikuja kusema 2016 kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubali 2019. Hesabu hiyo miaka. Mwaka uleule serikali inaandika kwamba baba ndiye mwenye ufunguo wa binti, kijana wa miaka 27 kutoka Ukerewe, aliyesomea seminari, anaandika baba mwenye ufunguo ni mlevi. Hiyo si hukumu kwa Rosa.

Na msimsahau Charles. Wanafunzi wangu kila mwaka wanamwandika "mhusika mwema". Nawauliza: barua iliyomtia Rosa kwenye kile kipigo iliandikwa na nani? Na anayekuja mwisho kukagua kama mzigo umefika bila kufunguliwa ni nani? Darasa linanyamaza. Hapo ndipo somo linapoanza, na kwa kweli huwa halimaliziki ndani ya dakika 40.

Kijana, Dodoma:
Sisi tulifundishwa Rosa ni malaya, full stop. Nikajibu hivyo nikapata B.

Mama, Tabata:
Na wanaume aliokuwa nao, mlifundishwa wanaitwaje?

Kijana, Dodoma:
Wanaitwa kwa vyeo vyao 😅

Msomaji, Mombasa:
Hamjambo nyote. Mie nauliza swali ambalo naona mnalikwepa: hivi ni riwaya nzuri? Tuweke kando bikira na marufuku. Rosa anageuka haraka mno. Jana anakimbia wanaume, leo anawakimbilia, na katikati hapo tulipotaka kukaa naye ndani ya kichwa chake, mwandishi keshatuvusha. Kisha mwishoni, baada ya vifo, anampandisha Rosa na babake mbele ya Mungu washtakiane. Hapo mie nilikiweka chini. Kesi ile ilikuwa yetu wasomaji, akatupokonya.

Heshima yangu kwa marehemu Kezilahabi ni kubwa. Ndiye aliyewakosesha usingizi washairi wa vina na mizani kwa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, na riwaya yake Kichwamaji ya mwaka huohuo imeiacha hii mbali. Hii ni kazi ya kwanza, ina uchanga wake. Tunaishikia bango kwa sababu ilikatazwa. Ingeachwa tu, pengine leo tungekuwa tunabishania nyingine.

Mwalimu wa fasihi:
Uharaka naukubali, Mombasa. Ile kesi ya mbinguni siikubali. Zakaria hakuwahi kuulizwa kitu na mtu yeyote duniani. Wapi kwingine Rosa angemshtaki babake akasikilizwa? Kwa mjumbe?

Mzaliwa wa Ukerewe:
Namagondo ni kijiji cha kweli, na mwandishi alizaliwa palepale 1944. Nyumbani kwetu kitabu hiki kilisomwa kama umbea, watu wanahesabu Zakaria ni fulani.

Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma. Nilimsomea likizo moja, yeye anachambua dagaa, mimi kwenye kigoda. Sehemu nyingine niliziruka kwa aibu, akawa ananiambia, "Umeruka, rudi." Tulipofika kwenye kipigo cha ile barua akaacha dagaa. Nilidhani atamlaani Zakaria. Akauliza, "Regina alikuwa wapi?" Nikamwambia Regina naye anapigwa, bibi. Akasema, "Najua anapigwa. Nauliza alikuwa wapi." Akaendelea na dagaa wake.

Nimesoma uhakiki mwingi wa kitabu hiki, swali lile sijalikuta.

Baba wa mabinti wawili, Mwanza:
Bibi yako namheshimu, lakini kumbebesha Regina napo si haki.

Msomaji, hakutaka kutaja alipo:
Mimi niandike kidogo. Nilifukuzwa shule 2014, kidato cha tatu. Tulipangwa mstari nje ya stoo, kila mtu na kikopo chake cha mkojo, majibu yakasomwa mbele ya wenzangu. Aliyenipa mimba alikuwa mtu mzima, yupo hadi leo, tunasalimiana sokoni.

Rosa Mistika nilikisoma baadaye, nikiwa nanyonyesha. Mwenye mada anasema Rosa hapewi njia ya kubaki hai. Ni kweli, nami nilipofika mwisho nilitetemeka, kwa sababu nilishawahi kuifikiria njia yake. Ila mimi kilichoniokoa si kitabu wala mwalimu, ni shangazi. Alikuja na baiskeli, hakuuliza ni nani, akamwambia baba, "Huyu naondoka naye," akafunga begi langu nyuma kwa mpira. Sikumbuki shangazi hata mmoja kwenye kitabu kile. Kila aliyemkaribia Rosa alikuwa na la kumtaka au la kumhukumu.

Novemba 2021 serikali iliporuhusu waliojifungua kurudi shuleni, mimi nilishamaliza kwa njia ya jioni, nimekaa kwenye chumba cha mtihani na watu wa umri wa baba yangu. Mpe binti yako kitabu. Lakini kabla hujampa, mwambie ni nani atakayekuja na baiskeli.

Mama, Tabata:
Nimesoma hii mara mbili. Sina la kuongeza.

Mwenye mada:
Asanteni. Msomaji wa Mombasa, nimekusikia, ingawa nadhani unapima mshono wakati nguo inaungua.

Nimempa. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu, nikaishia kumwambia kwamba likitokea lolote, lolote lile, anipigie mimi au mama mdogo wake, na hakuna atakayeulizwa kwanza. Akasema "sawa mama" kwa sauti ile ya kutaka niondoke chumbani.

Asubuhi nikakuta kitabu kitandani, kabana kibanio cha nywele kwenye ukurasa wa kipigo. Hajaniuliza kitu. Jioni baba yake akaokota simu mezani, akaona ujumbe wa mwanafunzi mwenzake wa kiume, wa kuazima daftari la Kemia, akaanza kufoka. Binti hakumtazama baba yake hata kidogo. Alinigeukia mimi.