Mafumbo Matatu ya Idi Pili

Kikundi: Wajukuu wa Bibi, Wete

Hamad (saa 10:20 alasiri)
Assalamu alaikum jamaa wote. Wakwe zetu wameleta mafumbo yao matatu kama tulivyokubaliana, na majibu yanatakiwa yawafikie kabla ya daku ya leo, ili usiku wa Idi pili pale uani kwa Bibi ibaki kazi ya kutega na kutegua ana kwa ana. Nayaandika hapa kama yalivyo, bila ya kubadilisha hata herufi moja. Naomba kila mtu ajibu, hata kama jibu lake ni kwamba hajui.

La kwanza:
Ninaye hali majani, kamba hajafungwa shingo,
Hukaa kwangu jikoni, nampanda kwa mgongo,
Ana meno ulimini, hutafuna bila pengo,
Mtajeni kwa yakini, nami nitoe kinyongo.

La pili:
Mmoja yuko mwituni, mwengine atufunika,
Wa tatu yuko hewani, ndege kwaye huinuka,
Wa nne yumo kisuni, magamba yakabanduka,
Jina lao moja nini, tajeni likisikika.

La tatu:
Likijaa twasafiri, likikaliwa twalia,
Ng'ambo huko ni bandari, jahazi hukimbilia,
Na asokuwa na ari, ndiyo kazi yake pia,
Mkishindwa si hatari, mji mtanipatia.

Hamad (saa 10:55 alasiri)
Naona wengi mmeshasoma na hakuna aliyeandika neno. Nakumbusha kwamba hili si jambo langu peke yangu.

Time (saa 11:05 alasiri)
Wa alaikumu ssalaam, kaka Hamad. Jibu la pili ni paa, wala sina shaka nalo. Nimelipata kwa sababu ndiyo kwanza namaliza kumpaa samaki changu wa futari, na magamba yamenirukia mpaka kwenye mtandio. Paa wa mwituni ni mnyama, linalotufunika ni paa la nyumba, ndege hupaa, na samaki hupaliwa kwa kisu. Huo mstari wa magamba ndio ulionifungulia mengine yote, kwa hiyo nashauri tusianze kulisoma fumbo kutoka juu kila mara.

Khamis (saa 11:07 alasiri)
Dada Time, huyo changu ni wa kukaanga au wa kupaka? Mimi niko Mwanakwerekwe na futari yangu leo ni muhogo, kwa hiyo ukisikia nimepaa kuja Pemba usishangae.

Time (saa 11:08 alasiri)
Ni wa kupaka, na nazi yake ni ya shambani kwetu.

Khamis (saa 11:08 alasiri)
Basi boti ya kesho ikifika Mkoani, mimi nimo.

Hamad (saa 11:10 alasiri)
Khamis, tafadhali tumalize kwanza mafumbo. La pili naliandika kuwa ni paa. Ami Faki, wewe ni mwalimu wa watu, mbona umenyamaza?

Ami Faki (saa 12:02 jioni)
Sikunyamaza, nilikuwa nayasoma kwa sauti, na nawausia nanyi mfanye hivyo kabla hamjaandika lolote. Fumbo lililoandikwa huficha mambo ambayo mdomo huyatoa. Chukueni neno barabara: mtu akimaanisha njia, mkazo hukaa kwenye silabi ya tatu, na akimaanisha sawasawa kabisa, mkazo hurudi kwenye ya pili. Kwenye karatasi ni neno moja, ilhali masikioni ni mawili, na mtegaji mwenye insafu hatumii maneno ya namna hiyo katika fumbo la kusemwa uwanjani. Hawa wenzetu hawakufanya hila hiyo. Paa zote nne hutamkwa sawa, na mizani yao ni nane kwa nane bila ya kasoro. Jambo moja tu naona wameliacha, nalo ni kupaa moto, yaani kuchukua makaa kutoka jiko moja kupeleka jengine. Tunaweza kuwarudishia ubeti wenye paa hiyo ya tano, kama walivyokuwa wakirudishiana beti Kamange na Sarahani, washairi wa kisiwa chetu hiki.

Ama fumbo la kwanza, tazameni mtunzi anavyokataa kabla ya kukubali. Anasema hali majani wala hana kamba shingoni, na hakuna anayekana majani na kamba ila kwa kitu ambacho jina lake lingekufanya uvitarajie vyote viwili. Basi ni jina la mfugo. Kisha meno yako ulimini, si kinywani. Ni mbuzi ya kukunia nazi: unaikalia mgongo wake, na ule ulimi wa chuma ndio wenye meno.

Time (saa 12:04 jioni)
Mashaallah, ami.

Shangazi Bikombo (saa 12:15 jioni)
Jibu nalikubali, lakini fumbo lenyewe silikubali. Mbuzi ya kukunia nazi haiitwi "ninaye" wala "nampanda". Ni "ninayo" na "naipanda". Mtu akivunja ngeli kwa makusudi ili atupotoshe, huo si ufundi wa maneno bali ni kutudanganya. Na isitoshe, someni vizuri kipande cha mwisho. Ni kinyongo gani hicho anachotaka kukitoa? Mwenye haki ya kuwa na kinyongo ni sisi, kwa lile fumbo lao la nyanya.

Hamad (saa 12:16 jioni)
Shangazi, naomba tusirudi kwenye nyanya.

Shangazi Bikombo (saa 12:18 jioni)
Tutarudi, kwa sababu haikumalizwa. Hapa petu tungule ni tungule na bibi ni bibi, hatuwaiti wote wawili nyanya. Mtu hawezi kuja na neno la Bara, akalitegea uani kwetu, tukasema hatulijui kwa maana hizo, kisha tukahesabiwa kuwa tumeshindwa na mji wetu ukachukuliwa mbele ya watoto. Mchezo wa maneno husimama juu ya maneno ambayo pande zote mbili zinayatumia jikoni na sokoni. Nililisema hilo siku ile ile, na wewe Hamad ndiye uliyeniambia ninyamaze kwa heshima ya wageni.

Khamis (saa 12:20 jioni)
Mimi tangu siku ile nikienda sokoni huku Unguja nanunua vitunguu tu.

Hamad (saa 12:21 jioni)
Khamis!

Hamad (saa 12:30 jioni)
Adhana inakaribia. Tukimaliza kufuturu turudi hapa kwa fumbo la tatu, ambalo naona kila mtu analikwepa. Rashid, na wewe wa Maskati, soma basi.

Khamis (saa 2:40 usiku)
Jamani, hili la tatu naliandika bila ya mzaha. Jibu ni tanga. Tanga la jahazi likijaa upepo tunasafiri, tanga la msiba likikaliwa tunalia, na Tanga ndiyo bandari iliyo ng'ambo yetu, ambayo majahazi ya Pemba hayakuacha kwenda. Mstari wa tatu ndio ulionipa jibu, kwa sababu marehemu Babu aliniuliza mara nyingi nitaacha lini kutanga na njia.

Time (saa 2:43 usiku)
Allah amrehemu.

Ami Faki (saa 2:44 usiku)
Amin. Jibu ni sahihi, Khamis. Na ona mtunzi alivyofanya: "likijaa" na "likikaliwa" zina ngeli moja, kwa hiyo msikilizaji anadhani ni kitu kimoja kinachotendwa mambo mawili, wakati ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Kwa ufundi, hili ndilo bora katika matatu.

Hamad (saa 2:46 usiku)
Alhamdulillahi. Basi mbuzi, paa, tanga. Nayatuma sasa hivi.

Salma (saa 2:47 usiku)
Kaka Hamad, tafadhali subiri kwanza. Shikamooni nyote. Nimemsomea Bibi kila kilichoandikwa humu, na ameniamuru niyaandike maneno yake kama alivyoyasema.

Salma (saa 2:58 usiku)
Bibi anasema: "Fumbo la mbuzi ni halali. Kuku wangu katagia mibani ni nanasi, na tangu nizaliwe sijamsikia mtu akidai kwamba nanasi halina manyoya. Mwenye kutega ana ruhusa ya kukipa kitu roho. Bikombo, kuhusu nyanya ulikuwa na haki, lakini aliyehukumu siku ile alikuwa mgeni wangu na alikula kwangu, basi nakuomba uliache. Ama hilo la tatu, jibu nililijua kabla Salma hajamaliza ubeti. Mimi nimetoka eda mwezi wa Shaabani. Tanga la babu yenu limekaliwa ukumbini humu humu, na sitaki wajukuu zangu walipigie neno hilo makofi na vigelegele uani kwangu Idi hii. Mkitaka kulijibu, lijibuni Idi nyengine, Mungu akitujaalia uhai."

Ami Faki (saa 3:10 usiku)
Tumesikia, mama.

Time (saa 3:11 usiku)
Tumesikia, Bibi. Utusamehe.

Shangazi Bikombo (saa 3:12 usiku)
Nimesikia, mama. La nyanya nimeliacha.

Rashid, Maskati (saa 3:31 usiku)
Assalamu alaikum. Nimetoka kazini sasa hivi na sijasoma yote. La kwanza ni ngamia?

Khamis (saa 3:32 usiku)
Ngamia wa jikoni, kaka Rashid?

Hamad (saa 3:35 usiku)
Rashid, soma kutoka juu. Jamaa, neno la Bibi halina mjadala, ila linatuachia tatizo ambalo lazima tulitatue usiku huu. Tusipojibu la tatu, kwa utaratibu wetu lazima tutoe mji.

Shangazi Bikombo (saa 3:38 usiku)
Hapana. Tusijibu na tusitoe mji. Sitaki kumwona tena yule bwana mtegaji wao akijisifu kwamba amekwenda mjini kwetu, akapokewa kwa ngoma na kuvishwa kilemba, kwa fumbo ambalo Khamis amelitegua kwa mistari mitatu. Nami nauliza waziwazi: mtunzi alikuwa hajui kama nyumba hii imetoka msibani?

Ami Faki (saa 3:45 usiku)
Alijua, kwa sababu alikaa nasi siku zote tatu, na kaburi alilichimba pamoja nasi. Tusimdhanie ubaya. Mtunzi akishalishika neno lenye maana nne, ni vigumu kwake kuiacha moja, na hiyo ya msiba ndiyo inayoupa ubeti uzito wake. Ingekuwa mimi, pengine nami ningeiandika.

Salma (saa 3:52 usiku)
Haya nayaandika mwenyewe, si maneno ya Bibi. Kwa nini tusitoe mji, na mji wenyewe ukawa Tanga? Akituuliza, tutasema tumempa mji wa Tanga. Mtegaji atatambua hapo hapo kwamba jibu tunalo, na wageni wengine watasikia jina la mji tu. Neno la msiba halitakuwa limetajwa na yeyote kati yetu.

Time (saa 3:53 usiku)
Salma!

Khamis (saa 3:54 usiku)
Mimi nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo.

Ami Faki (saa 4:01 usiku)
Hilo ni jambo zuri sana, mwanangu, na limenifurahisha kuliko mafumbo yote matatu. Liko tundu moja tu. Anayepewa mji ndiye mwenye wajibu wa kulitaja jibu mwishoni, na akisharudi kutoka Tanga yake atasimama uani kwa Bibi na kulifafanua neno kwa maana zake zote. Hapo tutakuwa tumelizuia kwenye midomo yetu na kulitoa kwenye wake.

Hamad (saa 4:03 usiku)
Mimi nitakwenda kumwomba aishie kwenye jahazi na bandari.

Shangazi Bikombo (saa 4:05 usiku)
Umwombe wewe? Ulipomwendea kwa ile nyanya ulirudi na sahani ya halua na mkono mtupu. Aende Faki.

Ami Faki (saa 4:09 usiku)
Nitakwenda baada ya taraweh ya kesho, lakini si kabla ya Bibi kuridhia. Huenda kwake yeye Tanga ya mji na tanga la msiba ni sauti moja, na akilisikia moja akalisikia na la pili.

Hamad (saa 4:12 usiku)
Salma, mwulize basi sasa hivi.

Salma (saa 4:15 usiku)
Ameshalala, kaka. Nitamwuliza nikimwamsha kula daku.

Hamad (saa 4:20 usiku)
Basi mbuzi na paa nimeshayatuma, na kwa la tatu nimewaandikia kwamba jawabu litawafikia kabla ya adhana ya alfajiri. Time, ule ubeti wa kupaa moto uandike wewe na Ami Faki. Wengine wote ambao hamjasema neno tangu alasiri, nataka kujua nani yuko pamoja na rai ya Salma na nani hayuko.

Rashid, Maskati (saa 5:48 usiku)
Nimesoma yote sasa. Mimi niko pamoja na rai ya Salma, ila naomba kuuliza: Bibi akikataa, mji tutakaotoa badala yake ni upi?