Utalii umekata, kitunguu kimeoza: niweke pikipiki rehani?

Mpishi wa Kreta (mtoa mada):
Wakuu, habari za Jumapili. Mimi ni mpishi wa kambi, naishi Karatu. Kazi yangu ni kupanda na wageni Ngorongoro na Serengeti, nawapikia mahemani. Mwisho wa Machi mwaka huu wa 2020, corona ilipoingia, kundi la mwisho liliondoka, bosi akasema kaeni nyumbani mtapigiwa. Aprili 12 ndege za nje zikazuiwa. Mei 18 anga limefunguliwa, sawa, lakini huko kwao bado wamejifungia, nani aje?

Watu wakisikia utalii wanafikiria hoteli tu. Njooni muone. Mkulima wa Rhotia aliyekuwa anapeleka mboga hotelini sasa kabichi anamlisha ng'ombe. Vijana waosha magari, akina mama wafua mashuka, wauza vinyago, wote tumekaa barabarani tunahesabu malori.

Aprili nilinunua magunia 40 ya kitunguu Mang'ola nipeleke Nairobi. Mei kikaniozea kwenye foleni ya mpaka wa Namanga. Sasa kuna mtu yuko tayari kunipa milioni 2, nimwachie pikipiki na kadi yake, riba asilimia 20 kwa mwezi. Nazihitaji kabla ya Julai 4. Julai hadi Septemba ndio msimu wetu, wageni wakirudi nalipa. Naombeni ushauri, matusi hapana. Na mke wangu hajui, kwa hiyo msiniambie nikakae naye chini.

Tairi Bovu:
Pole mkuu. Kitunguu cha Mei usijilaumu, mimi nilikuwa pale pale Namanga. Wakenya wanapima madereva corona, ukikutwa nayo unarudishwa ulikotoka na mzigo wako. Foleni haisogei. Tarehe 16 Kenyatta akafunga mpaka kwa abiria, ikabaki mizigo, na mizigo yenyewe ndiyo hiyo imelala. Nilikula ugali na chumvi siku nne, turubai linatoa harufu hadi utingo akahamia lori la jirani. Na ukivuka? Nairobi saa moja jioni kafyu. Ikanibidi nijiulize hivi mimi nimesomea nini.

Msomi wa Kijiweni:
Samahani, lakini nchi hii haikufungwa. Soko wazi, mabasi yanatembea, ibada zinaendelea. Wewe umefungiwa na nani? Tatizo letu ni kumtegemea mzungu. Lima.

Mpishi wa Kreta:
@Msomi nimefungiwa na waliofunga kwao. Mwaka jana wageni milioni moja na nusu waliingia nchi hii. Mwaka huu Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, unasikia ndege wa porini tu. Kulima kunataka pampu, mafuta, mbegu, na kitunguu kinakaa shambani miezi zaidi ya mitatu. Mimi nina wiki mbili.

Dada Hesabu:
Hapo ndipo nilipotaka kufika. Riba ni laki 4 kila mwezi hata kama hujagusa deni lenyewe. Mtu hakubali kitu kama hicho bila kukimbizwa. Julai 4 kuna nini?

Mpishi wa Kreta:
Ada, dada. Shule zinafunguliwa.

Dada Hesabu:
Shule ni Juni 29, imetangazwa wiki hii. Na watoto wako wanasoma wapi hadi ada milioni 2 kwa mtu asiye na kazi tangu Machi? Sema tu, hapa hakuna anayekujua.

Babu Mwenye Baiskeli:
Vijana mnapenda haraka. Mwaka 1998 mvua za El Niño zilipokata barabara nilikuwa na duka la rejareja, bidhaa hazifiki. Sikukopa hata senti. Niliuza mbuzi wawili, nikafunga duka, nikaenda kukaa kwa kaka yangu miezi mitano. Tuligombana naye kwa sababu ya redio, lakini deni sikuwa nalo.

Mpishi wa Kreta:
Basi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha kuweka na kukopa, wanachama 28. Hela ya magunia ilitoka kwenye sanduku. Sikuiba, niliazima, nilijua ndani ya wiki tatu nimeirudisha na faida juu. Wanachama wenyewe hali mbaya, wameomba tuvunje mapema tugawane. Ndiyo Julai 4. Kila mtu angefanya hivyo hivyo. Kitunguu kilikuwa na bei, mnunuzi alikuwepo.

Msomi wa Kijiweni:
Umeazima kwa nani, kwa kufuli?

Chungu cha Tatu:
Wakuu, hii chai. Tena ya maziwa, imewekwa na iliki. Mimi nimekuwa katibu wa kikoba miaka sita. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na mweka hazina anatunza sanduku, hapewi ufunguo. Umelifungua kwa meno? Mtoa mada kaungaunga habari za Namanga na za utalii apate wachangiaji.

Tairi Bovu:
Duh. Nami nimemwaga stori yangu yote.

Babu Mwenye Baiskeli:
Mimi nilishangaa tangu mwanzo, ila nikanyamaza.

Mpishi wa Kreta:
Siyo chai. Ufunguo mmoja mama mmoja aliniachia alipokwenda Mbulu msibani, akasahau kuuchukua. Wa pili ni wa kijana tuliyekuwa tunapika naye, naye nilimpa chake. Wa tatu upo nyumbani.

Chungu cha Tatu:
Nyumbani kwa nani?

Mpishi wa Kreta:
Kwangu. Mke wangu ndiye mshika ufunguo. Anauweka kwenye kabati, chini ya vitenge.

Dada Hesabu:
Kwa hiyo Julai 4 sanduku likifunguliwa mbele ya watu 28, atakayesimama na ufunguo mkononi ni mama watoto wako, na hajui chochote. Kaka yangu, achana na mambo ya riba. Mwambie leo, kisha nendeni wawili kwa mwenyekiti kabla ya hiyo siku, pikipiki muiuze waziwazi. Ukiiweka rehani unapoteza pikipiki na deni linabaki.

Mpishi wa Kreta:
Nimekusikia dada. Ila kuuza haitawezekana. Niliikabidhi jana jioni, hela ninayo. Asubuhi mke wangu ameniuliza iko wapi, nikamwambia iko kwa fundi.

Chungu cha Tatu:
Fundi gani anafungua Jumapili?