Pleya ndogo ya muziki: batani au tachi?

Wakuu, naomba ushauri. Natafuta pleya ya kutumia nikikimbia mazoezi, nibadilishe wimbo ikiwa mfukoni bila kuitazama. Tachi inanitia shaka: kioo hutambua kidole kwa sababu ngozi hupitisha umeme, na jasho nalo hupitisha, hivyo tone moja tu wimbo unaruka. iPod nano, pleya ndogo ya Apple, ya 2010 iliondoa gurudumu la kuchagulia nyimbo ikaweka kioo cha tachi cha inchi 1.54, ya 2012 ikaongezewa batani ya kucheza na kusimamisha. Nadhani Apple waliona kosa.

Ila batani nazo huchoka. Kibati kilicho chini ya batani kikishika kutu, unabonyeza mara 3 ndipo iitike. Spiriti ya asilimia 90 inatosha kusafisha, au nibadilishe batani nzima? Na ipi ya batani inapokea memori kadi ya GB 32?