Dereva unayeleta mizigo, weka simu chini! Na wewe unayempigia akiwa barabarani, nina neno na wewe pia

Wakuu, nimekaa siku mbili najizuia kuandika huu uzi kwa sababu nilijua nitatukana. Sasa hivi nadhani naweza kuandika bila kutukana. Nadhani.

Juzi asubuhi nilikuwa navuka barabara. Kwenye zebra, msije mkasema nilichomoka katikati ya magari. Nimemshika mwanangu mkono, gari la upande wa kwanza limesimama, dereva wake kanipungia nipite. Upande wa pili kinakuja kigari cha kusambaza mizigo. Hakikuwa na mwendo mkali, na hilo ndilo lililoniponza, nikadhani kinapunguza ili kisimame. Kumbe kinapunguza kwa sababu mwenyewe kainamisha kichwa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika simu usawa wa goti, anasoma. Nilichokiona ni utosi wake. Naomba mnielewe hapo: mtu analeta gari kwangu na mimi naona nywele zake badala ya macho.

Nikamvuta mtoto nyuma. Kioo cha pembeni kilinipita karibu na bega mpaka nikasikia upepo wake. Nikalipiga lile gari kofi la ubavuni kwa nguvu zangu zote, na hapo ndipo alipokanyaga breki. Hakuniona, alisikia kishindo. Akashusha kioo, simu bado iko mkononi inawaka, akaniambia, "Samahani dada, nilikuwa naangalia namba ya nyumba tu."

Tu!

Hiyo "tu" ndiyo iliyonileta hapa. Maana kila mmoja wao ana ya kwake. Nilikuwa natazama ramani tu. Nilikuwa namjibu mteja tu. Nilikuwa nabonyeza kukubali oda tu. Haya, tuipime hiyo "tu". Gari likienda kilometa 50 kwa saa, mwendo ambao hakuna anayeuita wa kasi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kusoma namba, kulinganisha na mtaa, kuinua macho: weka sekunde 3, na hapo nimekuwa mkarimu. Mita 42 gari linajiendea lenyewe kama halina mtu ndani. Baada ya hapo ndipo aanze kushtuka, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki, na gari lililosheheni mizigo lianze kubishana naye kama litasimama au halisimami. Katika mita 42 kunaenea zebra nzima, mtoto wangu, mimi, na watu wa kutusitiri.

Wale wa kusema "mbona hakuna aliyeumia" naomba mpite kimya. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu na watu wa baiskeli na pikipiki. Yaani sisi tusio na bati la kujikinga.

Sasa nije kwa wajanja. Wajanja ni wale wanaosema, "Mimi siishiki simu, naongea kwa hedifoni, mikono yote iko kwenye usukani." Nilikuwa naamini hivyo mimi mwenyewe, nakiri. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Kanada, walichukua madereva waliopata ajali wakalinganisha muda wa ajali na kumbukumbu za simu zao. Walikuta hatari ya kugongana inapanda mara 4 mtu akiwa kwenye simu, na aliyekuwa anaongea bila kuishika hakuonekana kuwa na nafuu yoyote. Hao walikuwa wanaongea tu, kwa simu za 1997 zisizo na ramani, zisizo na meseji za kikundi wala oda zinazolia. Na ukikaa ukafikiri utaona ni kweli. Abiria aliye pembeni yako anaiona barabara. Pakitokea la kutokea ananyamaza, au anapiga kelele kabla yako. Aliye upande wa pili wa simu haoni kitu. Anaendelea kukuuliza kama mzigo una risiti wakati lori limesimama ghafla mbele yako. Macho yako yapo barabarani, ndiyo, ila akili iko inatafuta risiti. Unaangalia na huoni.

Hata kuongea na simu kwa amri za sauti, ile ya "mpigie fulani", ina mkia wake. Utafiti uliotolewa na chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, mwaka 2015 ulikuta kwamba baadhi ya mifumo hiyo inaiacha akili ya dereva ikiwa bado haijarudi barabarani hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Sekunde 27! Piga hesabu yako mwenyewe ya mita, mimi nitaanza tena kutukana.

Wa pikipiki msijifiche nyuma ya wenye magari. Nyie ndio mnachomeka simu ndani ya helmeti, imebanwa kati ya shavu na sifongo, mnapiga soga huku mnapenya kati ya malori. Wengine mmefunga simu kwenye usukani, inatikisika, jua limeipiga haionekani, basi mnaiinamia kama mtu anayechungulia kisima. Kuna yule wa kutoa mkono wa kulia kabisa ili aandike vizuri. Kaka, kwenye mkono wa kulia ndiko kwenye mafuta na breki ya mbele, na breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha kuliko ile ya mguu. Umeikabidhi kwa nani? Na wa baiskeli mnaocheka, Japani tangu Novemba 2024 mwendesha baiskeli anayeshika simu huku anaendesha anaweza kufungwa hadi miezi 6 au kutozwa faini hadi yeni 100,000. Wao hawakuona kama ni jambo dogo.

"Nilikuwa nimesimama kwenye taa." Hii nayo. Uingereza walilikata hilo zamani: kusimama kwenye taa nyekundu au kwenye foleni bado unaendesha, simu huigusi. Madereva wakatafuta upenyo kwingine, kwamba sheria inakataza kuwasiliana, basi mimi nilikuwa napiga picha, nilikuwa nachagua muziki. Machi 2022 wakauziba: kuishika kwa matumizi karibu yoyote ni kosa, faini pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Na tujiulize kwa nini, maana sote tumewahi kukaa nyuma ya mtu wa namna hiyo. Taa inageuka kijani, yeye bado yuko kwenye kioo cha simu, anapigiwa honi, anashtuka, anaondoka kwa pupa bila kutazama nani alikuwa bado anamalizia kuvuka.

Hadi hapa nimewapiga madereva na sifuti hata neno. Lakini baada ya ile ya juzi nilirudi nyumbani nikapiga simu kwa kampuni yenye lile gari. Namba ilikuwa imeandikwa mgongoni. Sitaitaja, na msinitumie ujumbe wa pembeni kuniuliza. Nikaelezwa kwa sauti nzuri sana kwamba madereva wao hawaruhusiwi kabisa kutumia simu wakiendesha, kila mmoja amesaini karatasi ya kukubali hivyo, na usalama ni kipaumbele chao. Nikauliza: anapataje oda? Kwa simu. Anajuaje pa kwenda? Kwa simu. Mteja akibadilisha mahali pa kupelekewa, anaambiwaje? Kwa simu. Akifika anathibitisha vipi? Anapiga picha, kwa simu. Mnajuaje kama amechelewa? Simu inatuonyesha. Basi dada yangu, nikamwambia, hiyo karatasi aliyosaini inamkinga nani, mimi au nyie?

Akasema malalamiko yangu yamepokelewa.

Na hapa ndipo ninapotaka mnifuate taratibu, kwa sababu tangu juzi ndicho kinachonikosesha usingizi. Ukiagiza mzigo siku hizi unaonyeshwa ramani na kile kinukta kinachotembea. Kinukta kinakata kona, kinasimama, kinaondoka. Maana yake mfumo wao unajua, karibu sekunde kwa sekunde, kwamba huyu mtu sasa hivi yuko kwenye mwendo. Unajua hata mwendo wenyewe ni wa kiasi gani, kwa sababu ndivyo unavyokupigia hesabu ya "atafika baada ya dakika 9". Sasa chini ya hicho kinukta kinachotembea pana nini? Pana kitufe kikubwa chenye rangi: Mpigie dereva. Kinawaka. Unabonyeza, simu inaita kwenye goti la mtu aliye kilometa 50 kwa saa. Na wakati huohuo mfumo uleule unamsukumia oda nyingine yenye sekunde zinazohesabika kurudi nyuma: kubali sasa hivi au apewe mwenzio. Halafu akishika simu anaambiwa amevunja kanuni!

Aliyetengeneza mfumo huo hawezi kuniambia hakujua. Kinukta amekichora yeye.

Mnakumbuka, au mmesikia, Domino's ya Marekani ilikuwa na ahadi ya kufikisha pizza ndani ya dakika 30 la sivyo hulipi? Waliifuta mwaka 1993, baada ya jopo la mahakama huko Missouri kuwaamuru walipe mamilioni ya dola kwa mwanamke aliyegongwa na dereva wao. Kabla ya simu za mkononi kuenea, saa pekee ilitosha kumfanya dereva apite taa nyekundu. Sasa ile saa imewekwa ndani ya simu, inaongea, na inamuitia wateja.

Sheria nazo zinajua kumkamata mdogo. Nitoe heshima mahali pake: kanuni ya Marekani iliyoanza Januari 2012 kwa madereva wa magari makubwa ya biashara haikuishia kwa dereva. Yeye aliwekewa faini ya hadi dola 2,750, na mwajiri anayemruhusu au kumlazimisha ashike simu hadi dola 11,000. Hiyo ndiyo akili. Ila soma vizuri utaona inahusu magari ya mizigo yanayoanzia takribani tani 4.5 kwa uzito wake na shehena. Kile kigari cha juzi, hata kingekuwa huko, kingepita chini ya hiyo kamba kikiwa kimenyoosha mgongo.

Najua mtakuja na "mwacheni, anatafuta riziki". Na mimi nilikuwa napeleka mtoto shule nikatafute ya kwangu. Najua pia kuna madereva wa hii kazi humu, na wengine ni watu makini kuliko mimi. Kuna kijana mmoja huniletea mizigo mara kwa mara: anasimama pembeni, anazima gari, ndipo anapiga, "Dada nimeegesha, niambie nikate wapi." Hajawahi kunipigia akiwa kwenye mwendo. Siku moja nilimsifia, akacheka akasema kwenye orodha yao ya ufanisi yeye hukaa chini kila wiki. Kasi yake ni ndogo, eti. Fikiria hilo. Anayesimama ndipo ajibu anahesabiwa mvivu, na yule wa utosi pengine ndiye dereva bora wa mwezi.

Kwa hiyo sitaki semina wala mabango ya "dereva kuwa makini". Kitufe cha kupiga kizimike kinukta kikitembea, kiwake kikisimama. Oda mpya isubiri mpaka gari litulie, na zile sekunde za kukubali zianzie hapo. Na huo muda wanaomwekea dereva uhesabu kwamba binadamu atalazimika kusimama mara kadhaa asome anakokwenda. Wanaweza kujua niko ghorofa ya ngapi, watashindwa hili?

Na sisi wateja, tuacheni unafiki. Mwaka jana nilimpigia dereva mmoja mara tatu ndani ya robo saa kumuuliza umefika wapi, wakati namuona kabisa kwenye ramani alipofika. Mara ya tatu alipokea, nikasikia honi ndefu, tairi likalia, kikafuata kimya, halafu akasema, "Nipo dada, nakuja." Nikakata nikaendelea na mambo yangu. Sikumuuliza hata ilikuwa nini. Kwa hiyo ndiyo, huu uzi unanihusu na mimi pia, msihangaike kunikumbusha.

Siku hizi kwenye sehemu ya maelekezo ya oda naandika: "Usinipigie ukiwa unaendesha. Sina haraka." Wa jana alinipigia akiwa njiani, injini inanguruma, kuniuliza nilikuwa na maana gani.