Sungura wangu wa kwanza: magamba puani, choo kinaganda mkiani. Naombeni ushauri

MamaJunior_Mbagala
Habari za jioni wakuu. Nimemnunulia mwanangu wa miaka 7 sungura wa kufuga tu, si wa kitoweo. Ana wiki moja hapa nyumbani. Muuzaji alisema ana miezi miwili. Kwenye mizani ya jikoni ni kilo 1 kamili.

Puani na kwenye kingo za masikio ana magamba ya kijivu, anajikuna mno. Kila asubuhi namkuta na choo laini, cheusi, kinachong'aa na kunuka, kimeganda chini ya mkia, ila mchana anatoa gololi za kawaida. Anakula vizuri: karoti, kabichi na pumba za mahindi. Maji anakunywa kidogo. Banda liko uani, sakafu ni waya mtupu, juu bati.

Duka la dawa za mifugo wamenipa unga wa kuku wa kuhara nichanganye kwenye maji. Jirani anasema magamba nipake oili chafu. Sijafanya lolote bado. Nianzie wapi?

Kizimba Safi
Anzia kwenye huo unga: usimpe kabla ya kusoma kilichoandikwa kwenye pakiti. Sungura humeng'enya nyasi kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Baadhi ya antibayotiki zikipita mdomoni zinaua hao wazuri, wabaya wanashika nafasi na kutoa sumu. Mnyama anaharisha maji na kufa ndani ya siku chache, na mwenyewe anadhani ugonjwa ndio uliomuua kumbe ni dawa. Za kuogopa kwa mdomo ni penisilini, ampisilini, amoksisilini, linkomisini, klindamisini na eritromisini. Kwa hiyo hata ile dawa ya maji iliyobaki mtoto alipougua, usimpe. Daktari akihitaji antibayotiki ya kumeza kwa sungura huchagua nyingine, mfano enrofloksasini au sulfa yenye trimethoprimu, kwa kipimo cha uzito.

Oili chafu nayo hapana. Sungura hujilamba mwili kutwa, ukimpaka leo ameimeza leo.

Mzee wa Ukoka
Dada, hicho choo cha asubuhi si kuhara. Sungura ana choo cha aina mbili. Gololi kavu ndizo takataka. Kile laini, chenye vipunje vilivyoshikana kama tunda la forosadi, ni chakula: kina protini na vitamini B, na sungura hukila kikitoka tu, kwa kuinamisha kichwa mkiani. Mwenye afya hukioni kabisa. Ukikiona kimeganda, maana yake ama kinazalishwa kingi kuliko anavyohitaji, ama anashindwa kukifikia (mnene, mgonjwa wa mgongo au meno).

Kwa wako sababu iko kwenye sahani. Pumba ni wanga, karoti ni sukari, nyuzinyuzi hakuna. Wanga ukifika kwenye ule mfuko unachacha na choo laini kinakuwa rojo. Na meno: ya sungura yanaota maisha yote, ya mbele takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na kinachoyasaga ni nyasi. Karoti haiyasagi, pamoja na ugumu wake wote. Baada ya miezi kadhaa bila nyasi, magego huota ncha zinazochoma ulimi na mashavu, ndipo mtu anaanza kusema sungura wake anachagua chakula.

Nyasi kavu ziwepo saa 24, bila kipimo, kuanzia leo. Kila siku apate rundo linalolingana na mwili wake au zaidi: ukoka au mabingobingo machanga yaliyokaushwa, au hei (nyasi zilizokaushwa) ya Rhodes kama unapata robota. Hei nzuri ina rangi ya kijani na harufu tamu. Yenye vumbi jeupe au harufu ya uvundo itupe. Pumba usizikate ghafla. Punguza robo kila baada ya siku 2, siku ya 8 ziwe zimeisha. Mahali pake weka chakula cha punje cha sungura, gramu 50 kwa siku maadamu bado anakua. Akifika miezi 6 rudi kwenye gramu 25 kwa kila kilo ya uzito. Kabichi pumzisha kabisa kwa sasa. Karoti iwe kipande cha sentimita 2, mara mbili kwa wiki.

Choo kilichoganda kilainishe kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, pale pale tu, kisha kausha kwa taulo mpaka chini ya manyoya. Usimwogeshe mwili mzima. Wengine hupatwa na mshtuko, na ngozi yao huchanika kirahisi. Ila usikiache kimeganda hata siku moja, kwa sababu nzi hutaga hapo na funza huanza kula nyama ndani ya siku moja au mbili.

Dawa na Kipimo
Magamba ya puani na kingo za masikio mara nyingi ni ukurutu unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Mtazame pia vidole na kuzunguka kucha. Halafu angalia ndani ya tundu la sikio: ukiona maganda ya kahawia yaliyopangana kama tabaka za chapati, huyo ni mdudu mwingine, wa sikioni. Usiyabandue, yanauma sana na yanaacha kidonda. Dawa ikifanya kazi yanadondoka yenyewe.

Dawa inayotumika ni ivermektini ya sindano ya asilimia 1, chini ya ngozi. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo. Kwa sungura wa kilo 1, ukichukua 0.3, ni mililita 0.03 tu. Hapa ndipo watu huua: sindano ya mililita 5 haiwezi kupima kiasi hicho, mtu anakadiria kwa macho na kumpa mara kumi. Tumia sindano ya insulini iliyoandikwa U-100, ambako alama 3 ndiyo mililita 0.03. Ile ya U-40 alama zake ni tofauti, usizichanganye. Mwache mtaalamu wa mifugo achome, lakini nenda na hesabu yako na ukubali sindano ndogo tu.

Dawa haiui mayai, kwa hiyo inarudiwa baada ya siku 10 hadi 14, jumla mara 2 au 3. Wengi huacha baada ya ya kwanza kwa kuona magamba yamedondoka, na mwezi unaofuata wanaanza upya. Siku ya kila sindano toa matandiko yote uyachome, sugua banda kwa maji ya moto na sabuni, anika juani. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili usimguse nayo, ni sumu kwa sungura.

Mtoto anaweza kupata vipele vya kuwasha mikononi. Kwa wiki hizi za sindano amshike akiwa amevaa nguo ya mikono mirefu, anawe kwa sabuni baadaye. Ukiona baka la duara lisilo na nywele wala magamba mazito, hayo yanaweza kuwa mapunye, ambayo dawa yake ni nyingine.

MamaJunior_Mbagala
Asanteni sana. Nimesoma pakiti, imeandikwa amoksisilini. Nimeirudisha. Ukoka upo karibu na uwanja wa shule. Swali: mvua zinanyesha, majani yakiwa na maji ni salama? Na leo mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa iliyokolea, nimeogopa.

Sungura Pwani
Majani yenye maji ni hatari, tumbo linajaa gesi anakufa. Lazima uyaanike kwanza.

Mzee wa Ukoka
Mkuu Sungura Pwani, kinachoua si tone la maji. Majani mabichi yakirundikwa yakiwa na maji hupata joto katikati na kuanza kuchacha ndani ya saa chache. Tia mkono katikati ya rundo: likiwa na joto, tupa. Sababu ya pili ni kwamba mvua za kwanza huleta majani machanga kwa wingi, na sungura aliyezoea makavu anabadilishiwa ghafla. Kung'uta, tandaza mahali penye hewa, mpe. Kwa huyu ambaye hajazoea nyasi mbichi, anza na kiganja kimoja kwa siku, ongeza taratibu kwa wiki nzima. Hei ndiyo haina kikomo.

Matembele na kishonanguo ni mazuri. Kisamvu kibichi kina sianidi, usimpe. Usimpe pia majani ya parachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo, ya mnyonyo, wala vitunguu. Usikate kando ya barabara wala mahali panapopuliziwa dawa au penye mbwa wengi.

Kizimba Safi
Mkojo wa chungwa au mwekundu kwa kawaida hutokana na rangi za mimea. Damu mara nyingi huja kwa mistari au mabonge, haichanganyiki sawasawa. Mweupe kama chokaa nao ni wa kawaida, ndivyo wanavyotoa kalisi ya ziada. Akijikamua bila kutoa kitu, hapo nenda kwa daktari.

Maji: mililita 50 hadi 150 kwa kilo kwa siku. Akila majani mengi hunywa kidogo. Weka bakuli zito la udongo na uchore alama ndani ili ujue ameshuka kiasi gani.

Kuhusu banda, bati la Dar linanitia wasiwasi kuliko waya. Sungura hatoki jasho, hupunguza joto kwa masikio, na kuanzia nyuzi 28 au 30 anaanza kuteseka. Juu ya bati weka makuti au gunia, acha upande mmoja wazi kwa upepo. Saa za mchana mwekee chupa ya lita 1.5 ya maji yaliyogandishwa, uifunge kitambaa, ataiegemea. Akihema kwa kasi mdomo wazi, mate yakitoka, masikio yakiwa ya moto, yalowanishe kwa maji ya kawaida na umpeleke kwa daktari. Maji ya barafu usimmwagie. Waya ufunike kwa ubao au mkeka angalau nusu ya sakafu, la sivyo nyayo za nyuma zitanyonyoka na kuwa vidonda.

Dawa na Kipimo
Kwa umri wake, cha kuogopa zaidi ni koksidia, vijidudu vya utumboni. Dalili ni tumbo kubwa huku mgongo umekonda, na kuhara maji bila gololi hata moja. Mtoto wa sungura akiharisha hivyo usingoje kesho. Kwa kuwa unakwenda kuchoma sindano, beba gololi za asubuhi hiyo kwenye mfuko safi zipimwe kwa darubini. Walio karibu na Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana hospitali ya wanyama.

Na jambo la kubandika ukutani: asipokula wala kutoa gololi kwa saa 12, ni dharura. Mguse tumbo. Likiwa gumu kama ngoma, usimlishe kitu, mkimbize. Likiwa laini na uko mbali na daktari, loweka chakula cha punje mpaka kiwe uji, mpe kwa bomba lisilo na sindano, mililita 1 kwa wakati, ukipitishia pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele, jumla isizidi mililita 10 kwa mlo. Usimlaze chali, atapaliwa. Joto la mwili ni nyuzi 38.5 hadi 39.5, likishuka chini ya 38, mpashe kwa chupa ya maji ya uvuguvugu mkiwa njiani.

MamaJunior_Mbagala
Sindano ya kwanza amechomwa jana, alama 3 kama mlivyosema. Choo kimepimwa, koksidia hakuna. Leo asubuhi mkia ulikuwa msafi. Mtoto anataka wa pili awe mwenzake. Nimchukue lini?

Mzee wa Ukoka
Baada ya sindano ya mwisho, na huyo mgeni akae wiki 2 peke yake kwanza, banda tofauti, umhudumie wa mwisho. Jinsia ithibitishe mwenyewe au kwa daktari, muuzaji usimtegemee: ukibonyeza taratibu, dume hutokeza kimrija chenye tundu la duara, jike ni mpasuko mrefu. Dume na jike watenganishwe kabla ya wiki 12 kama dume hajahasiwa. Mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa.