Yule mtangazaji wa jioni kanidhalilisha: eti mwanaume akipaka losheni si mwanaume!

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua: yule wa kipindi cha jioni mwenye kicheko kama jenereta bovu.

Leo kaleta mada ya wanaume wa Korea kwenye matangazo ya vipodozi. Nikatuma ujumbe wa sauti, kwa heshima zote. Akaukata katikati, akasema "hao ni mabinti waliokosa magauni", kisha akaweka sauti ya mtoto mchanga analia. Juu ya sauti YANGU! Nipo kinyozi, redio iko juu, kinyozi kacheka mpaka kazima mashine, nusu ya kichwa bado.

Mtoto analia, jamani!

Sasa aniambie: Ahn Jung-hwan, mshambuliaji wa Korea Kusini, ni binti? Kombe la Dunia 2002, dakika ya 117, kapiga kichwa, Italia wakafungasha virago. Huyo huyo kafanya tangazo la losheni ya kiume ya kampuni ya Somang na mwigizaji Kim Jae-won, nyuso zinang'aa. Aende Roma akawaambie kwamba aliyewatoa si mwanaume!

Na Jin, mwimbaji wa kundi la Kikorea la BTS? Kaingia jeshini Desemba 2022, katoka Juni 2024, alikuwa anasaidia kufundisha makuruta. Kule kampuni za vipodozi zinatengeneza hadi rangi ya kificho ya kupaka usoni, ili ngozi ya askari isiharibike. Yeye mtangazaji gwaride lenyewe analionea kwenye TV. Halafu ananiwekea mtoto analia!

Kitasa: Pole mkuu. Ila nusu ya kichwa ilinyolewa baadaye au ndo umebaki hivyo?

Bibi Shughuli: 😂😂 Mtoto alilia kwa muda gani? Nani kairekodi?

Mleta mada: Sitanii, Bibi. Sauti yangu, halafu mtoto!

Mzee wa Kahawa: Haya ya wanaume kujipodoa Korea yalishika kasi baada ya mdororo wa uchumi wa 1997. Watu wazima walipunguzwa kazini, vijana wakagombania nafasi chache, na barua za maombi kule zilibandikwa picha. Uso ukawa sehemu ya vyeti.

Digrii Kabatini: Mzee, mimi uso ninao, digrii ninayo, na bado nalala kwa shemeji. Fungua uzi wa hilo.

Chuma Cha Pua: Korea ilikuwa na kundi la muziki la 2PM tangu 2008, wanachana mashati jukwaani, misuli tupu. Hao ndio wanaume. Losheni hapana.

Mama Wawili: Wewe Chuma, magoti yako meupe kama chaki unaongea nini? Mume wangu naye hivyo hivyo, losheni ni ya kike, lakini yangu inaisha kila wiki na mlango wa bafu umefungwa kwa ndani.

Kitasa: Mama Wawili kamwaga siri 😂

Mleta mada: Turudi kwenye mada jamani. Kaweka mtoto analia HEWANI.

Bibi Shughuli: Mkuu tumesikia. Mimi kero yangu ni hawa wanaotafsiri tamthilia za Kikorea. Kijana anamlilia mama yake hospitalini, mtafsiri anasalimia washkaji zake wa mtaani!

Digrii Kabatini: Wa kwangu alipokea simu katikati ya mazishi.

Mama Wawili: Yupi huyo? Mwenye mafua?

Digrii Kabatini: Huyo huyo! Na sehemu ya 14 hajaitoa mpaka leo.